Mwanga Usiojulikana, Mtu Asiyepatikana

Jioni ya tarehe 21 Oktoba 1978, kijana wa miaka 20 aitwaye Frederick Valentich aliruka peke yake kutoka uwanja wa Moorabbin, pembeni mwa jiji la Melbourne, Australia, akielekea King Island, kisiwa kilicho katika mlango-bahari wa Bass. Ndege yake ilikuwa Cessna 182, ya injini moja. Saa moja na dakika sita usiku alimwita kwa redio mwongoza ndege wa Melbourne, akamuuliza kama kuna ndege nyingine karibu naye, chini ya futi 5,000. Akajibiwa kwamba hakuna inayojulikana. Akasema anaona kitu chenye taa nne kali, kimempita kwa juu. Baadaye akasema ni kirefu, kinang'aa kama chuma, kina mwanga wa kijani, na kinamzunguka. Akasema injini yake inasuasua. Mwisho akasema kitu kile kinaelea juu yake, na kwamba si ndege. Redio ikabaki wazi kwa sekunde 17, ikitoa sauti ya mkwaruzo kama wa chuma, kisha ikanyamaza. Tangu saa ile hajaonekana.

Msomaji, jiulize ni swali gani lililokujia kwanza. Kama wewe ni kama wengi wetu, uliuliza: kilikuwa nini kile? Ni wachache mno wanaoanza na swali la pili: alipatwa na nini yule? Maswali haya mawili yamezaliwa dakika moja, katika anga moja, kwa sauti ya mtu mmoja, na kwa karibu nusu karne sasa yamekuwa yakisimuliwa kama swali moja. Mimi nadhani ni mawili, tena ya jinsi mbili tofauti, na kwamba kuyachanganya kumemgharimu yule kijana.

Mwanga usioelezeka ni kitu kilichoonekana ambacho hatujui kimetoka wapi wala ni cha nani. Mtu aliyepotea ni kinyume chake: tunajua ni nani, tunajua wazazi wake, pengine tunajua hata shati alilovaa, ila hatuna cha kuonyesha. Kule kuna tukio lisilo na mwenyewe, na huku kuna mwenyewe asiye na tukio. Si ajabu basi kwamba vitu hivi viwili hutafutana. Kila kimoja kina tundu lenye umbo la mwenzake. Mwanga unapata mtu wa kuuhusu, na mtu anapata mahali pa kwenda.

Tuviweke kando kwa kando tuone kila kimoja kinafanya nini kikiwa peke yake. Miezi miwili tu baada ya Valentich kupotea, Desemba 1978, taa za ajabu zilionekana karibu na Kaikoura, New Zealand, ng'ambo ya bahari ileile ya kusini. Wapiga picha wa televisheni walipanda ndege ya mizigo wakazinasa kwenye filamu. Watu wakabishana: ni taa za meli za wavuvi wa ngisi, ni sayari ya Zuhura, ni kitu kingine. Norwei nako, katika bonde la Hessdalen, mianga imekuwa ikionekana kwa wingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1998 wanasayansi walijenga kituo cha kuitazama mfululizo. Katika habari zote hizi mbili hakuna haraka. Hakuna anayelia. Mtu anaweza kulala usiku bila kujua taa za Hessdalen ni nini, akaamka na hamu ileile ya kujua, na siku yake isiharibike. Hilo ndilo ninaloliita fumbo: swali linalotuvuta hata kama hatuna haja na jibu lake. Fumbo linatufaa hata likibaki fumbo, na huenda linatufaa zaidi hivyo.

Lakini mtu aliyepotea si fumbo kwa mama yake. Kwake ni deni. Nikisema deni nina maana ya swali ambalo jibu lake lina mwenyewe, mtu anayestahili kupewa, na ambalo kila siku linapobaki bila jibu kuna anayedhulumiwa. Fumbo ni la yeyote anayelipenda, na deni lina anayedai. Tofauti hii haitokani na ugumu wa swali wala uhaba wa ushahidi. Inatokana na nani amesimama upande wa pili akingoja.

Sasa, mwanga ukiunganishwa na mtu aliyepotea, fumbo hulimeza deni. Valentich ni mfano wake hasa. Watafutaji walihangaika baharini hadi tarehe 25 Oktoba, wasipate kitu. Wizara iliyochunguza ikasema chanzo hakijulikani na kwamba yamkini rubani amekufa. Mwaka 1983 kipande kidogo cha kifuniko cha injini kiliokotwa ufukweni katika Flinders Island, na wachunguzi wakakuta kinatokana na Cessna 182 ambayo namba yake iko ndani ya fungu lenye namba ya ndege yake. Mwaka 2013 James McGaha, aliyekuwa rubani wa jeshi, na mwenzake Joe Nickell waliandika kwamba taa nne zile zilikuwa sayari tatu, Zuhura, Mirihi na Utaridi, pamoja na nyota ya Antares, na kwamba kijana alipoteza hisia ya juu na chini, akazunguka kuelekea majini akidhani anaruka sawa. Kwao, kitu kilichokuwa kikimzunguka hakikuwepo, maana aliyekuwa akizunguka ni yeye.

Mimi naona maelezo haya yana nguvu kuliko mengine niliyoyasoma. Lakini kinachonishughulisha ni jinsi kila maelezo yalivyokuja na Valentich wake. Kwa wanaoamini vyombo vya viumbe wa sayari nyingine, yeye ni aliyeteuliwa. Kwa wenye mashaka, ni mwanafunzi dhaifu, mwenye saa kama 150 tu za kuruka, aliyekataliwa mara mbili na jeshi la anga, ambaye kichwa chake kilijaa habari za vyombo hivyo kabla hajaviona. Kwa kundi la tatu ni mjanja aliyejipoteza makusudi, kwa kuwa aliwaambia watu sababu tofauti za safari yake, huyu akimwambia anakwenda kuchukua marafiki na yule akimwambia anafuata kamba wa baharini, na watu wa uwanja wa King Island hakuwa amewaarifu kabisa kwamba anakuja. Mteule, mwanafunzi, mjanja. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliye mtoto wa mtu. Wote wamechongwa wauenee ule mwanga.

Kwa nini tunafanya hivyo? Jibu jepesi ni kwamba binadamu hupenda maajabu. Sioni kama linatosha. Maajabu yako mengi, na mengi tunayapita bila kugeuka. Nadhani tunachokitafuta ni kukwepa jambo moja lililo baya kuliko kutojua, nalo ni uwezekano kwamba jibu lipo lakini halina maana. Hapa inafaa tutenganishe. Sababu ni jibu la swali "kutokana na nini?" Maana ni jibu la swali "kwa ajili ya nini?" Bahari inaweza kutupa sababu: mwinuko, giza, injini, uchovu, kosa la mkono. Ukiiuliza kwa ajili ya nini, haina neno. Chombo kutoka anga za mbali, kwa upande wake, hakina sababu yoyote tunayoweza kuikagua, ila kimejaa kusudi. Kilikuja. Kilimwona. Kilimtaka. Hata ukatili wenye kusudi unastahimilika zaidi kuliko ajali isiyomjali mtu.

Ndiyo maana sithubutu kumcheka baba yake. Guido Valentich aliwaambia waandishi wa habari kwamba anatumaini mwanawe hakuanguka, bali amechukuliwa na yu hai mahali fulani. Mtu akisoma maneno hayo akiwa amekaa kwake na watoto wake wote wamelala salama, atasema huo ni ujinga wa mzungu mmoja wa zamani. Aangalie nyumbani basi. Ni mara ngapi, huku kwetu, ndugu wa mtu aliyetoweka au aliyekufa ghafla wamesema hakufa bali amechukuliwa msukule, yuko mahali anatumikishwa usiku, na iko siku atarudi? Pwani utasikia majini, bara utasikia msukule, Melbourne utasikia chombo chenye taa nne. Majina yanabadilika na kazi ni moja: kumpatia asiyekuwepo mahali pa kuwepo. Watu wanaosema hivi si kwamba wameshindwa kufikiri. Wamefikiri mpaka ukutani, na mlango walioukuta ni huo tu.

Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani wa saikolojia ya familia, alifanya kazi katika miaka ya 1970 na familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, na akaipa jina hali hiyo ya kupoteza bila uhakika: mtu hayupo mezani, na wakati huohuo hajatoka moyoni kwa namna ambayo kifo kingemtoa. Alichokiona ni kwamba huzuni ya jinsi hii haiendi mbele. Msiba wa kawaida una hatua zake, na watu wetu wanazijua vizuri: kuosha, kukafini au kuweka jenezani, kuzika, matanga, arobaini, kisha maisha yanaanza kurudi. Kila hatua inahitaji ile iliyotangulia, na ya kwanza inahitaji mwili. Asiye na mwili amekwama mlangoni mwa msiba. Haruhusiwi kuingia, wala hawezi kwenda zake.

Nauita wakati wake kungoja, lakini kungoja huku si matumaini. Matumaini yana uso. Yanajua yanachokitazamia, na yanaweza kukatika. Kungoja kwa aliyepotelewa hakukatiki, kwa sababu hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema imepita. Sheria iliona shida hii zamani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu ambaye kwa miaka 7 hajasikika kwa wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake huchukuliwa kuwa amekufa. Mafakihi wa Kiislamu walihitilafiana juu ya mke wa mtu aliyepotea: wako waliosema angoje miaka minne kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, na wako waliosema angoje mpaka ithibitike, au mpaka rika la mumewe liwe limekwisha. Ukisoma hitilafu hizo kwa utulivu unaona kwamba swali lao halikuwa "yu wapi?" Walijua hawana jibu la hilo. Swali lao lilikuwa mwanamke huyu aliye hai afungwe mpaka lini. Hakimu anayetangaza kifo baada ya miaka 7 hadai kuwa amegundua chochote kuhusu aliyekwenda. Anawafungulia waliobaki.

Kwa watu wa Pemba habari hizi si za vitabuni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyojaa watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa kama 200. Waliopotea walikuwa wengi mno kuliko hao, na hesabu yao imebishaniwa tangu siku ile. Watu waliwaswalia wasiowaona. Hapakuwa na mwanga wowote angani. Palikuwa na mizigo mingi, abiria wengi, na chombo kilichoachwa kiondoke. Ajali ya namna hiyo haina fumbo la kuwavuta watu wa mbali, kwa hiyo watu wa mbali wameisahau.

Halafu mwezi Juni 2016, ufukweni Pemba, likaokotwa pande la bawa la ndege. Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia walithibitisha kwamba ni sehemu ya bawa la kulia la Boeing 777 ya safari ya MH370, iliyoondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, na kupotea. Mkondo ulikuwa umelivusha Bahari ya Hindi yote, ukalitua kwenye kisiwa ambacho kinajua, pengine kuliko vingi, maana ya kungoja bahari irudishe. Sitaki kulifanya hili ishara. Mikondo haiandiki barua. Lakini naliona kuwa jambo zito kwamba kitu kile kiliokotwa na watu, kikakabidhiwa, kikapelekwa mbali kikasomwe. Kipande kile hakijibu ni nini kilitokea. Kwa fumbo hakina thamani kubwa. Kwa deni, ni malipo ya sehemu: kinamwambia mama aliyeko Beijing kwamba ndege ilianguka baharini, haikutua kwa siri mahali popote. Hayo si maneno mazuri. Lakini ni yake, na alistahili kuambiwa.

Kuna jinsi ya tatu ya kupotea, nayo inanifanya nilitazame hili neno fumbo kwa tahadhari zaidi. Tarehe 21 Novemba 2017, huko Kibiti mkoani Pwani, mwandishi wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, alitoweka. Kwa maelezo ya mkewe, aliondoka na watu waliokuwa kwenye gari jeupe, akiahidi kurudi. Hajarudi. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo alisema katika mahojiano na BBC maneno yaliyoeleweka kuwa mwandishi huyo amekufa, kisha akasema amenukuliwa vibaya. Hebu fikiria kuwa wewe ndiye mke huyo, unasikia redioni mumeo anakufa, na baada ya siku chache kifo kile kinafutwa. Katika habari ya Valentich inawezekana kabisa hakuna binadamu yeyote anayejua. Katika habari ya Kibiti, gari lile lilikuwa na dereva. Kutojua kwetu hapo hakutokani na upana wa anga wala kina cha bahari. Kuna mtu anajua na hasemi. Jambo kama hilo likiitwa "la kutatanisha" au "la ajabu", maneno hayo yanafanya kazi ya pazia. Yanaliondoa deni mikononi mwa anayedaiwa na kulitundika angani, kati ya nyota, ambako hakuna wa kudaiwa.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Ni kweli kama maelezo ya jinsi dunia inavyokwenda: urithi unagawanywa, kiti kinakaliwa, jina linaanza kutamkwa kwa sauti ya chini. Kama kanuni ya haki nadhani methali hii inahitaji kupingwa, na wanaoipinga kwa vitendo ni jamaa wa waliopotea. Wao ndio wanaoshikilia kwamba lake lipo, tena lipo zaidi kwa sababu hayupo wa kulisemea.

Je, tuache basi kuuliza kuhusu mianga? Hapana. Anga ni letu sote, na mtu asiyewahi kusimama uani usiku akashangaa amepungukiwa. Wa Hessdalen waendelee na vipimo vyao. Ninachokiomba ni mpangilio tu. Palipo na mwanga na mtu, tuanze na mtu. Tuulize alikuwa nani kabla ya mwanga ule, nani alibaki akimngoja, na nini kimefanywa kwa ajili yao. Swali la taa linaweza kukaa miaka mia likingoja wenye vipimo bora, na halitaumia.

Mfano wa mpangilio huo uko baharini. Januari 2015 serikali ya Malaysia ilitangaza kwamba watu wote 239 wa MH370 wanachukuliwa kuwa wamekufa, na baadhi ya jamaa wakakataa kuupokea msiba kwa njia ya tangazo. Januari 2017 msako wa chini ya bahari, uliopekua kilomita za mraba 120,000, ulisimamishwa. Ripoti ya Julai 2018 ikasema chanzo hakikuweza kubainika. Kila moja ya hatua hizo ingeweza kuwa ya mwisho, na ndege ikabaki fumbo la watengeneza filamu. Lakini jamaa waliendelea kukutana kila Machi na kuidai serikali, na Machi 2025 Malaysia ilitia saini mkataba na kampuni ya Ocean Infinity wa kupekua eneo jipya la kilomita za mraba 15,000, kwa sharti kwamba wasipoiona ndege, hawalipwi.